Walimu Wasio na Damu: Stori ya Wahusika wa Kompyuta Waliofundisha Watu Ndani ya VR

Ukitaja VR mtaani, picha inayowajia wengi ni jamaa kavaa miwani mikubwa, anarusha ngumi hewani, washikaji pembeni wanamrekodi wapate cha kuweka Status. Sawa, hiyo ipo. Lakini nyuma ya hiyo miwani kuna historia ya zaidi ya miaka 50 ambayo haizungumzwi sana, na mastaa wake si binadamu. Ni wahusika waliotengenezwa kwenye kompyuta. Mmoja hakuwa na sura kabisa, mmoja alikuwa mdudu, mwingine hakuwa na miguu. Kazi yao ilikuwa kukaa na binadamu na kumfundisha kitu.

Swali lililowahangaisha watafiti muda wote ni hili: ukiingizwa ndani ya ulimwengu wa kompyuta, halafu ukawekewa "mtu" wa kompyuta pembeni yako, je, huyo mtu anakusaidia kuelewa au anakuvuruga? Majibu yake yana mizunguko kuliko tamthilia ya Kituruki. Maprofesa wakae pembeni kidogo, leo zamu ni ya wahusika wenyewe.

ALIANZA ELIZA, HANA HATA SURA

Mwaka 1966, kwenye chuo cha MIT kule Marekani, profesa mmoja alitoa programu aliyoiita Eliza. Jina alilitoa kwenye tamthilia ya Pygmalion ya Bernard Shaw, ambamo kuna binti muuza maua anafundishwa kuongea kama watu wa tabaka la juu. Eliza wa kompyuta hakuwa na uso, sauti wala mwili. Unaandika sentensi, na yeye anakujibu kwa maandishi. Toleo lake maarufu liliiga mtaalamu wa saikolojia: unachosema anakigeuza kuwa swali, anakurudishia. Ukigusia mama yako, anataka umweleze zaidi kuhusu familia. Hakuna alichoelewa, ilikuwa ni ujanja wa maneno tu.

Sasa cheki kilichotokea. Sekretari wa huyo profesa alikuwa amemwona bosi wake akiitengeneza ile programu kwa miezi kadhaa. Alijua fika kwamba ni mashine. Lakini alipokaa kuchati nayo, baada ya majibizano machache tu alimwomba profesa atoke nje ya chumba. Alitaka faragha! Profesa alishtuka kiasi kwamba mwaka 1976 alitoa kitabu kizima cha kuonya watu wasiziamini mashine kupita kiasi.

Yule sekretari, ambaye jina lake wengi hawalijui, ndiye aliyeonyesha jambo la kwanza kwenye stori hii: binadamu hahitaji vitu vingi ili amchukulie mhusika wa kompyuta kama mtu. Maneno tu yanatosha.

Miaka miwili baadaye, 1968, mtafiti mwingine wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha kifaa cha kuvaa kichwani kinachotajwa sana kama babu wa miwani ya VR. Kilikuwa kizito mpaka kikaning'inizwa darini. Ukikivaa unaona maumbo ya mistari yanaelea hewani, na ukigeuza kichwa nayo yanageuka. Ila humo ndani hamkuwa na mtu.

Kwa hiyo miaka ya 60 inaisha, mhusika yupo lakini hana ulimwengu, na ulimwengu upo lakini hauna mhusika. Ilichukua karibu miaka 30 hao wawili kukutana kwenye kazi ya kufundisha.

MDUDU ALIYEPENDWA NA KLIPU ILIYOCHUKIWA

Miaka ya 90, watafiti wa Stanford walifanya jaribio moja la kuchekesha. Wanafunzi walifundishwa na kompyuta, kisha wakaulizwa kompyuta hiyo imefundisha vipi. Wale walioulizwa na kompyuta ileile waliisifia. Wale walioulizwa kwenye kompyuta nyingine, au kwenye karatasi, walikuwa wakweli zaidi. Yaani watu waliona aibu kuiponda kompyuta mbele ya "uso" wake! Na ukiwauliza kama wanaamini kompyuta ina hisia, wanakukatalia.

Mwaka 1997 akaja Herman. Huyu ni mdudu wa katuni, muongeaji, ana vituko, aliyetengenezwa kwenye Chuo Kikuu cha jimbo la North Carolina. Alikuwa ndani ya programu iliyowafundisha watoto kubuni mimea: eneo lina mvua kidogo na jua kali, je, mmea wake uwe na mizizi ya aina gani, majani ya aina gani? Herman anaruka huku na kule, anakupa dondoo, anakutania. Alijaribiwa na wanafunzi 100 wa umri wa kuanza sekondari kwa matoleo tofauti, kuanzia Herman anayejieleza kwa kila njia mpaka Herman aliye bubu. Ikaonekana kwamba kuwepo tu kwa mhusika mwenye uhai kunawafanya watoto waone somo ni zuri zaidi. Watafiti wa eneo hili bado wanamtaja mpaka leo.

Wakati huohuo, maofisini, mhusika mwingine alikuwa anapata umaarufu wa aina tofauti. Ni ile klipu ya karatasi yenye macho iliyokuja na Office 97 ya Microsoft, maarufu kwa jina la Clippy. Unaandika barua yako kwa utulivu, yeye huyo anachomoza na kukuuliza kama unahitaji msaada. Watu walimchukia haswa. Mwaka 2001 Microsoft wenyewe walimzima kwenye mipangilio ya kawaida na kumtania kwenye matangazo yao, na Office 2007 ikatoka bila yeye.

Herman na Clippy wote walikuwa katuni, wote walikuwa wasaidizi. Tofauti ni kwamba Herman alijua mtoto yuko wapi kwenye kazi na kwa nini amekwama. Clippy alikuwa kama yule jirani anayeingia ndani bila hodi, tena kila siku na swali lilelile. Sura nzuri haikumwokoa.

STEVE, FUNDI ASIYE NA MIGUU

Hapa sasa ndipo VR na mhusika walipokutana. Mwishoni mwa miaka ya 90, kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Southern California kilimtengeneza Steve. Kazi yake: kufundisha kuendesha mitambo ya kwenye meli za Jeshi la Majini la Marekani, kwa mfano kompresa ya hewa ya presha kubwa. Ni mitambo ambayo ukikosea hatua moja mambo yanaharibika, na meli nzima huwezi kuileta darasani.

Mwanafunzi anavaa kifaa kichwani, anajikuta kwenye chumba cha mitambo, na Steve yuko pale. Alikuwa na kichwa, kiwiliwili na mikono tu. Chini hakuna kitu, anaelea. Lakini kazi aliijua. Anakuonyesha hatua kwa hatua, anaangalia kitufe kabla hajakigusa ili na wewe ukiangalie, anakuachia ufanye, ukipatia anatikisa kichwa kukubali. Ukimuuliza kwa nini hatua hii inakuja kabla ya ile, anakueleza sababu. Angeweza hata kucheza nafasi ya mwenzako kwenye timu kama kazi inahitaji watu wawili.

Aliyewahi kujifunza ufundi gereji anaelewa. Fundi mkubwa anakwambia "angalia hapa", na macho yake yanakufundisha kama maneno yake. Steve ndiye aliyeonyesha kwamba macho, kidole na kichwa cha mhusika wa kompyuta vinaweza kufanya hiyo kazi ndani ya VR. Kwenye video ya kawaida mwalimu haoni unachofanya. Steve aliona.

MWILI UNAAMINI HATA KAMA AKILI INAKATAA

Miaka ya mwanzo ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, tawi la Santa Barbara, waliwavalisha watu miwani na kuwaambia wamsogelee mtu wa kompyuta aliyesimama katikati ya chumba. Unaambiwa watu walimzunguka kwa heshima, wakaacha nafasi, tena mbele yake waliacha nafasi kubwa kuliko nyuma. Yaani vilevile unavyompita mgeni kwenye foleni. Hakuna mtu pale, ni picha tu, lakini miguu ilikataa kumkanyaga.

Halafu likaja lile la 2006, ambalo bado linawapa watu baridi. Mwanzoni mwa miaka ya 60, Chuo Kikuu cha Yale kilikuwa na jaribio maarufu ambapo mtu anaambiwa ampige mwenzake shoti ya umeme kila anapokosea jibu. Mwenzake alikuwa muigizaji na shoti ilikuwa feki, ila aliyebonyeza hakujua. Watu 26 kati ya 40 walienda mpaka kiwango cha juu kabisa. Baadaye majaribio ya namna hiyo yalipigwa vita sana kwa sababu ya kuumiza watu kisaikolojia.

Mwaka 2006 timu ya University College London ililirudia kwa VR. Safari hii "mwanafunzi" alikuwa mwanamke wa kompyuta anayekariri jozi za maneno. Washiriki walikuwa 34. Kati yao 23 walimwona na kumsikia akilalamika, na 11 waliwasiliana naye kwa maandishi tu. Wote waliambiwa wazi kwamba mwanamke hayupo na shoti hazipo. Pamoja na hayo, wale waliomwona mapigo ya moyo na jasho la ngozi vilibadilika, wengine wakasita, na baadhi wakaacha kabla ya mwisho. Wengine walijikuta wanamsisitizia jibu sahihi ili asipate shoti, kama unavyomnong'oneza rafiki kwenye mtihani.

Hebu fikiria. Unajua kabisa ni katuni, lakini moyo unakwenda mbio kwa ajili yake. Kama mhusika wa kompyuta anaweza kukushika hivyo ukiwa wewe ndiye mwalimu, je, yeye akiwa mwalimu wako?

DAWATI LA MBELE KWA KILA MTU

Stanford walilichukua hilo swali. Mwaka 2005 watafiti wa upande huo walijaribu jambo ambalo mwalimu wa kawaida hawezi: msomaji mmoja anawaangalia wasikilizaji wawili machoni kwa wakati mmoja, muda wote. Kwenye VR inawezekana, kwa sababu kila mtu anaonyeshwa picha yake. Walioangaliwa namna hiyo hawakushtukia mchezo.

Mwaka 2008 wakatoa matokeo ya madarasa kabisa. La kwanza, mwalimu akiwekewa alama inayomwonyesha ni mwanafunzi gani hajamwangalia muda mrefu, anagawa macho yake kwa usawa zaidi. La pili, wanafunzi waliowekwa katikati ya upeo wa macho ya mwalimu walijifunza zaidi kuliko waliowekwa pembeni. Na kwenye VR, katikati si nafasi ya mtu mmoja. Wanafunzi wote wanaweza kuwa dawati la mbele kwa wakati mmoja, kila mmoja kwenye miwani yake.

La tatu ndilo tamu. Waliweka wanafunzi wenzako wa kompyuta darasani. Wengine watulivu wanaosikiliza, wengine wasumbufu. Wanafunzi halisi wakafuata mkumbo wa wale wa kompyuta, na matokeo ya kujifunza yakabadilika. Waswahili wanasema ukikaa na waridi unanukia waridi. Kumbe hata waridi la plastiki lina harufu.

Aliyewahi kusoma kwenye darasa la wanafunzi wengi, dawati la nyuma, karibu na dirisha, anajua uzito wa hii kitu. Kuna watu walifeli somo kwa sababu macho ya mwalimu hayakuwahi kuwafikia, na wakaondoka wakiamini kwamba hawana akili.

SIKU WALIYOVAA MWILI WA EINSTEIN

Mpaka hapo mhusika ni mtu mwingine. Vipi kama mhusika ni wewe mwenyewe?

Mwaka 2018 watafiti wa Barcelona waliwachukua vijana wa kiume 30. Nusu waliingizwa VR wakajikuta kwenye mwili wa kijana wa kawaida. Nusu wakajitazama kwenye kioo cha VR wakamkuta Albert Einstein, nywele timtim na sharubu, anainua mkono kila wanapoinua mkono. Baadaye wakapewa mtihani wa kupanga hatua na kufikiri. Waliovaa mwili wa Einstein na ambao kabla walikuwa wanajishusha, yaani wenye kujiamini kidogo, walipanda kuliko wenzao waliovaa mwili wa kawaida. Na bado kuna zawadi ya ziada: ubaguzi wao wa kichinichini dhidi ya wazee nao ulipungua.

Hawakuongezewa ubongo. Walikuwa nao tangu mwanzo. Kilichobadilika ni picha waliyokuwa nayo juu ya mtu anayetakiwa kujibu lile swali.

MARIE NA DRONI

Sasa twende Denmark, 2019. Wanafunzi 66 wa shule, wavulana na wasichana, waliingia VR kujifunza usalama wa maabara. Somo lilelile, maneno yaleyale. Tofauti ilikuwa anayefundisha. Kundi moja lilipewa Marie, mwanasayansi wa kike kijana. Kundi lingine likapewa droni, kiroboti kinachoruka.

Matokeo? Wasichana walifanya vizuri zaidi wakiwa na Marie. Wavulana walifanya vizuri zaidi wakiwa na droni. Tena tofauti ilionekana hata pale walipotakiwa kutumia walichojifunza kwenye hali mpya.

Hapo ndipo wengi wanakuna kichwa. Mtu angeweza kudhani mwalimu akiwa roboti basi hana upande, ni wa wote. Kumbe hata kiroboti kisicho na jinsia kilikuwa kinawafaa zaidi wengine. Bila shaka hao ni wanafunzi 66 wa nchi moja na somo moja, hivyo si sheria ya dunia nzima. Lakini inatosha kumfanya mtengenezaji asichore mwalimu wa kwanza anayemjia kichwani.

Mwaka huohuo, watafiti wa Denmark walitoa jambo jingine la kupunguza mzuka. Wanafunzi wa chuo 52 walisoma somo la maabara kwa kompyuta ya kawaida na kwa VR. Kwenye VR walijisikia wapo ndani kabisa, ila walijifunza kidogo zaidi, na vipimo vya ubongo vikaonyesha akili ilikuwa imezidiwa mzigo. Kwa maana hiyo miwani peke yake si dawa. Mhusika mwenye mbwembwe nyingi, anayecheza, anayepepesa macho, anayeongea wakati wewe unasoma, anaweza kuwa Clippy mwingine, tofauti ni kwamba safari hii huwezi hata kugeuza uso.

SASA ISHU IKO WAPI?

Huku kwetu bei ya miwani bado ni mlima kwa shule nyingi, lakini wahusika wa kufundisha tayari wanafahamika. Tangu 2014 watoto wa Tanzania wameimba hesabu na wahusika wa Ubongo Kids, katuni iliyotengenezwa Dar es Salaam, na baadaye akaja Akili, binti mdogo anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Hawahitaji miwani, ni televisheni tu. Ila siri yao ni ileile ya Marie: mtoto anamwona anayefanana naye, anayeongea kama nyumbani, anajua jibu.

Historia yote hii, kuanzia sekretari wa 1966 mpaka Marie wa 2019, inasema kitu kimoja: akili inajua kwamba yule si mtu, lakini mwili na moyo vinamchukulia kama mtu. Ndiyo maana anayemchora mhusika ana nguvu kubwa kuliko anayeandika somo. Yeye ndiye anaamua mwanasayansi ana sura gani, fundi ana lafudhi ipi, nani anaangaliwa machoni na nani anakaa pembeni. Na macho yaleyale yanayoweza kumwinua mtoto wa dawati la nyuma yanaweza pia kumuuzia kijana kitu asichokihitaji, maana ule mchezo wa 2005 hakuna aliyeushtukia.

Siku miwani itakaposhuka bei na kufika kwenye shule za kata, wahusika wa humo ndani watakuwa wameshachorwa zamani. Mahali pa kuuliza wanafanana na nani ni sasa, kabla watoto hawajavaa.

Haya mdau, tupia komenti hapo chini: kama ungepewa kuchagua mwalimu wako wa VR kwa lile somo lililokutesa shule, ungemchora vipi? Sura, umri, sauti, lafudhi, kila kitu. Na mtag yule mshikaji aliyekuwa anakaa dawati la nyuma.